Valvu ya usalama ya nusu inchi kwa bomba la gesi: maoni baada ya miezi minane

Katika hoteli ninayoitunza mitambo yake mjini Jinja, Uganda, gesi ya kupikia hutoka kwenye tangi la uani ikiwa bado kimiminika, hupita kwenye bomba la chuma la mita 12 lililo juani, kisha huingia kwenye kivukizaji, kifaa kinachokigeuza kuwa mvuke. Bomba hilo lina koki kila upande. Fundi akizifunga zote mbili ili asafishe chujio, kisha akasahau kuzifungua, kimiminika hunaswa katikati. Jua likipanda hutaka kutanuka na hakina pa kwenda, na presha huongezeka kwa bari kadhaa (bari ni kipimo cha presha) kwa kila nyuzi moja ya joto. Mvuke ungebanika kidogo, kimiminika hakibaniki. Valvu ya usalama huwekwa kwenye bomba hilo ili ifunguke yenyewe na kuachia presha inapozidi.

Valvu ya kwanza niliinunua Kampala kwenye duka ambalo sitalitaja. Lakiri yake ya madini ya risasi, inayoonyesha kwamba springi haijaguswa, ilikuwa imekatwa na kufungwa upya kwa waya wa kawaida, na nilipouliza, muuzaji alinijibu, "Ssebo (yaani bwana), springi hiyo tunaikaza upendavyo." Niliirudisha siku hiyohiyo. Springi ndiyo inayokandamiza kifuniko juu ya kiti chake na kuamua presha itakayokiinua. Anayeikaza bila geji ya kupimia presha anauza kizibo.

Duka la pili, kwenye eneo la viwanda, liliniuzia valvu ya shaba iliyopigwa muhuri wa bari 25, na kabla sijalipa waliifunga kwenye meza ya majaribio yenye pampu ya mkono. Maji yalianza kudondoka geji iliposoma 25 na nusu, yakakatika iliposhuka hadi 22 hivi. Pengo hilo si kasoro, kwani valvu inayofunga palepale inapofungukia hupigapiga hadi ikaharibu kiti chake. Kwangu jaribio hilo lilikuwa na thamani kuliko valvu yenyewe.

Ushauri wao wa ufungaji, hata hivyo, sikuufuata. Walitaka mdomo wa kutolea uelekee chini, ilhali gesi hii ni nzito kuliko hewa na ingetuama kwenye mfereji wa jikoni. Mimi niliuelekeza juu, mbali na madirisha. Walitaka pia kuniuzia koki ya kuweka chini ya valvu, eti kurahisisha kuibadilisha. Siku mtu atakapoifunga koki hiyo, valvu itakuwa pambo.

Imefanya kazi mara moja tu, adhuhuri moja ambapo koki zote mbili zilikuwa zimesahauliwa: nilisikia mlio mfupi wa gesi ikifoka, nikakuta shaba imeganda barafu nyembamba juani, kisha ikajifunga bila kuvuja. Kofia ya mpira ya kuzuia mvua ndiyo dhaifu. Ilipasuka mwezi wa tatu na nimeibadilisha kwa gharama yangu.

Kwa tangi lenyewe usiinunue hii. Valvu ya tangi hukaa upande wa mvuke, kwa kawaida hupangwa karibu na bari 17, na hufunguka wazi kwa kishindo, wakati hii huachia kidogo kidogo tu. Kwa bomba la kimiminika, naipa nyota nne kati ya tano.