Mkanda wa kuzuia pancha: mwiba haukupita, tyubu imekatwa na mkanda wenyewe

Yule muuzaji hastahili kusikia hili, lakini ni kweli: tangu niweke mkanda wake kwenye tairi la baiskeli yangu, hakuna mwiba uliofika kwenye tyubu. Na pancha nimepata vilevile.

Mimi huchukua sato Igombe, hapa Mwanza, alfajiri na kuwapelekea mama lishe wa Kirumba. Kiangazi ukisogea pembeni kidogo tu kupisha daladala, umeshakanyaga mbigili. Kwa hiyo nilipouona huo mkanda wa plastiki unaolazwa kati ya tairi na tyubu, kwenye duka moja mitaa ya Makoroboi, nikatoa hela ya tairi la nyuma bila kubishana. "Weka, sahau pancha," kijana akaniambia.

Mwanzoni raha tupu. Jioni nachomoa mbigili kwenye tairi, zimevunjikia humohumo, upepo haujapungua. Nikawasifia wenzangu mpaka wakanichoka.

Halafu siku moja, karibu na uwanja wa ndege, jua limeshapanda, tenga limejaa, tairi likaanza kulala taratibu. Nikasukuma baiskeli, maji ya barafu yananitiririkia miguuni. Kirumba, mama mmoja akawanusa samaki mmoja mmoja mbele za watu: "Baba, hawa si wa jana?" Wa jana! Walivuliwa usiku uleule!

Fundi akapitisha kidole ndani ya tairi: hakuna mwiba, hakuna msumari, hakuna chupa. Tyubu ilikuwa na mchubuko mrefu, mpira umelika mpaka ukapasuka, palepale ncha mbili za mkanda zinapopandiana. Plastiki yenyewe ngumu, imekatwa pembe kali. Ukibeba mzigo tairi hubonyea kila linapozunguka, na ile ncha inakereza tyubu kama msumeno. Upepo ukiwa kidogo ndiyo kabisa.

Nikarudi dukani na tyubu mkononi, nikasalimia vizuri. Kijana hakuinua macho kwenye simu. "Mzee, hiyo si ya baiskeli za mizigo." Siku ya kuniuzia mbona hukusema? Tenga lilikuwa kwenye keria, linanuka samaki mpaka wateja wakasogea! Akamnong'oneza mwenzake, wakacheka wote wawili.

Nikaapa takataka ile naitupa ziwani. Sikuitupa. Fundi alizikata ncha kwa mkasi zikawa duara, akazipiga msasa, akaweka kipande cha tyubu kuukuu pale zinapopandiana, kisha akajaza upepo mpaka tairi likagoma kubonyea kwa kidole gumba. Kazi ndogo tu, ambayo kiwanda kingeimaliza chenyewe, au muuzaji angeitaja kwa sentensi moja. Tangu hapo, kimya. Ukiacha ya juzi kwenye shimo pale Pasiansi: matundu mawili sambamba, tyubu imebanwa na rimu. Hiyo mkanda hauzuii, siulaumu.

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nyota moja kichwani. Sasa naona mkanda unastahili tatu, pengine nne kwa anayepita njia za mbigili. Wa lami tupu aachane nao, anaongeza uzito bure. Duka halipati hata nusu nyota. Tairi la mbele bado halina mkanda. Nitaununua, ila si kwa yule kijana, hata akinipunguzia bei.