Uzoefu wangu: randa ya bei ya chini na ufa uliopakwa rangi

Nianze na hukumu kabla hasira haijanipanda. Zile randa za chuma za bei ya chini, zinazokuja kwenye boksi jembamba la karatasi na kuuzwa maduka ya vifaa kuanzia River Road hadi Kirinyaga Road hapa Nairobi, zinafaa kununuliwa. Ninayo moja kwenye karakana yangu huku Dagoretti. Imepiga saipresi, imepiga mahogani, imepiga hata mvule wa mlango wa zamani ambao huwa unakula visu, na mbao inatoka laini mpaka mteja anapapasa. Bei yake haikufika shilingi 2,500.

Lakini hiyo ni ya pili. Ya kwanza ndiyo imenifanya niandike.

Niliingia dukani, nikamwamkia mzee wa kaunta, nikamwomba anitolee randa nifungue boksi niikague. Akaniangalia kutoka kilemba hadi viatu. "Mama, hiyo ni kitu ya fundi. Mwambie fundi wako aje mwenyewe." Nikamjibu fundi ni mimi. Akasema, "Basi kama ni wewe unajua unachotaka. Ukifungua boksi umenunua." Nimefunga makabati ya jikoni kuanzia Kawangware hadi Rongai, nimefundisha vijana ambao leo wana karakana zao, na bado mtu ananitafutia mwanamume wa kuninunulia randa! Ningetoka hapo hapo. Sikutoka kwa sababu nilikuwa na mteja wa meza aliyekuwa akinipigia simu tangu asubuhi, na randa yangu ya zamani ilikuwa imekufa uzi wa skrubu. Nikalipa kwa M-Pesa, nikabeba.

Karakanani nikaipangusa mafuta ya kiwandani, nikatoa kisu, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Pembeni mwa mdomo wa randa, pale kisu kinapotokea, palikuwa na ufa unaoelekea ubavuni. Na ndani ya ufa ule, rangi. Rangi ile ile nyeusi iliyopakwa mwili mzima ilikuwa imetiririka ikaingia kwenye ufa na kukaukia humo.

Mtu asiyefanya kazi na chuma huenda asione uzito wake, kwa hiyo naeleza. Mwili wa randa hizi ni chuma cha kumimina. Chuma hicho ni kigumu lakini hakivumilii kuanguka, kikipigwa sakafuni hupasuka. Kikipasuka mkononi mwangu, ndani ya ufa unaona chuma kitupu, kijivu, chenye kung'aa. Ukikuta rangi humo ndani, ufa ulikuwepo kabla ya brashi ya rangi kupita. Ilitoka kiwandani ikiwa hivyo.

Nikarudi nayo na risiti na boksi lake, hata ile karatasi yake ya mafuta sikuitupa. Mzee hakuishika. Alisema, "Umeiangusha, mama." Nikamwomba atazame rangi, nikamwashia tochi, nikamsogezea mpaka karibu na uso wake. Akageuka kumhudumia mtu aliyetaka misumari. Nikasubiri. Aliporudi akanionyesha maandishi ya chini ya risiti, kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, akarudia kwa sauti ili duka zima lisikie: "Amevunja, sasa anataka nyingine ya bure." Watu wakacheka. Mimi nimeitwa mambo mengi kwenye kazi hii, lakini mwongo bado sijazoea kuitwa.

Nilimtajia Katiba, Kifungu cha 46, kinachosema mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Nikamtajia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Akasema, "Nenda ukanishtaki." Anajua anachosema. Ndiyo, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa imalize kesi ndani ya siku 60. Lakini nauli ya kwenda mahakamani Milimani na kurudi, pamoja na siku za kazi zitakazopotea, zinapita bei ya randa. Watu wa aina yake wanaishi ndani ya hesabu hiyo.

Na ndiyo maana suala la kufungua boksi si la adabu tu. Umbo la randa hizi si siri ya mtu. Ni lile la Leonard Bailey wa Marekani, ambaye hataza zake, yaani hati za haki ya uvumbuzi, zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869, na tangu hapo dunia nzima inaliiga. Kwa hiyo kiwanda cha bei ya chini hakikosei umbo. Kinachorukwa ni kazi ya kumalizia: kusawazisha kitako (upande wa chini unaoteleza juu ya mbao), kunoa kisu, kukalisha vipande vishikane. Kazi hiyo ndiyo hukuilipia, na unaweza kuifanya mwenyewe jioni moja. Ila yapo mambo ambayo hakuna jioni inayoyatengeneza: ufa, mwili uliojinyonga na kupinda, uzi wa skrubu ulioliwa. Faida yote ya kifaa cha bei rahisi iko katika kutenganisha makundi haya mawili ukiwa bado umesimama kaunta na pesa bado ni zako. Anayekukataza kufungua boksi amekunyang'anya faida hiyo kabla hujalipa.

Nilivuka barabara. Duka la pili lilikuwa na randa za kiwanda kile kile, boksi zile zile, ghali kidogo kwa shilingi mia mbili hivi. Kijana aliyekuwepo akasema, "Fundi, chagua mwenyewe," akanipangia maboksi kwenye kaunta na kunipa kitambaa cha kufutia mafuta. Nikatoa rula yangu ya chuma, nikaisimamisha kwenye kitako cha kila moja na kutazama mwanga unaopita chini yake. Moja ilikuwa imejinyonga. Nyingine skrubu yake ilizunguka bila kushika. Niliyochukua ilikuwa imebonyea kidogo katikati, na hilo halikunitisha.

Nilivyoitengeneza ni hivi. Kwa wauza vioo niliomba kipande kilichobaki cha milimita 6, kwa sababu kioo ndicho kitu kilichonyooka ambacho mtu wa kipato chetu anaweza kukipata. Juu yake nikabandika msasa namba 80. Kitako nikakichora mistari ya kalamu ya wino, nikasugua, nikatazama mistari ipi imebaki, nikasugua tena, kisha namba 120, kisha 240. Kisu kiwe ndani wakati huo, kimevutwa nyuma kisiguse msasa, na kifungwe kwa nguvu ile ile utakayofungia ukiwa kazini. Wengi hawalijui hili: kufunga kisu kunaukunja mwili kidogo, ukisawazisha randa tupu utakuwa umesawazisha kitu kingine. Usihangaike kufuta kila mstari. Panapotakiwa kugusa mbao ni mbele, kwenye ukingo wa mdomo, na nyuma.

Kisu nilikisawazisha mgongo kwanza, pale karibu na makali tu, halafu nikakinoa kwa pembe ya nyuzi 25 na kumalizia makali kwa nyuzi 30. Ukitumia grinda ya mezani, chovya majini kila mara. Ukiona chuma kimegeuka samawati, ugumu umekwenda na itabidi uondoe sehemu hiyo yote. Nikakimalizia kwenye kipande cha ngozi nilichopewa na fundi viatu wa jirani. Kile kipande cha juu kinachokunja maranda nilikipiga tupa mpaka mwanga usipite kati yake na kisu, maana hapo ndipo maranda hunasa na watu wakasema randa ni mbovu. Mpini wa plastiki nilitupa, nikachonga wa mahogani unaoujua mkono wangu.

Randa ilipolia kwa mara ya kwanza kwenye saipresi, nilisimama nikaisikiliza. Nilifurahi kweli.

Vifaa vingine vya bei ya chini nivitaje kwa ufupi. Patasi za seti zinafuata njia hiyo hiyo, sawazisha mgongo, noa, na mpini ukipasuka tia pete ya chuma. Grinda ya mkono ifungue gia zake kabla ya kuitumia sana, mara nyingi grisi ni chache, ongeza. Lakini kinga ya grinda usiivue, hata kama mafundi wote mtaani wamevua, na diski kagua tarehe iliyogongwa kwenye pete yake ya katikati, ikipita usinunue. Tupa za bei ya chini sizitaki hata bure. Tupa hainoleki nyumbani, ikizaliwa butu imekufa butu.

Nilikuwa nimeipa randa alama nne kwa tano. Nikisoma nilichoandika hapo juu naishusha hadi mbili. Mtu fulani kiwandani alishika mwili ule wenye ufa, akauona au hakutaka kuuona, akaupaka rangi. Kazi ya kusawazisha nakubali waniachie mimi, tumeelewana kwa bei. Kufunika ufa hatukuelewana.

Lakini kila nikisema mbili, naitazama meza ninayopiga sasa hivi na mkono unakataa. Basi iwe nne kwa ile uliyochagua mwenyewe boksi likiwa wazi, na sifuri kwa ile uliyouziwa ikiwa imefungwa, ingawa zimetoka kiwanda kimoja. Sioni namna nyingine ya kuihukumu. Ile yenye ufa nimeifanya vipuri, kisu na skrubu zake zinaingia kwenye ya pili bila shida, kwa hiyo hasara si pesa zote.

Duka silitaji jina, ila mkienda upande huo bebeni rula ya chuma, itoeni mapema, na mwenye duka akianza kunung'unika mtakuwa mmejua. Na wewe mzee wa kaunta, kama kuna mtu atakusomea haya: pesa zangu bado nazidai, risiti ninayo, na malipo yangu yako kwenye simu yako.