Vipuri vya Garratt 59 kwa skeli ya 1:22.5: uzoefu wangu na karakana za kuagizia

Nimeagiza karibu kila kipuri cha modeli ya Garratt 59, garimoshi la mvuke lenye boila moja katikati ya injini mbili, kwa mafundi, na baada ya kuvipima kwa kalipa, kuvifunga na kuvizungusha, maoni yangu ni kwamba karakana moja haiwezi kukutengenezea mashine nzima. Anayekereza vizuri aghalabu hasubu (hamimini shaba kwenye kalibu) vizuri, na mwenye printa ya 3D atakuambia kila kitu kinachapika. Kinachapika kweli, ila si kila kilichochapwa kinafaa kufungwa. Karakana sizitaji majina. Ninachopima hapa ni kazi yenyewe.

Mashine 34 za daraja hili zilijengwa na Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956, zikaletwa kwa reli ya mita moja ya East African Railways (EAR) na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Skeli ya 1:22.5 inazifaa sana. Mita moja ukiigawa kwa 22.5 unapata milimita 44.4, na njia ya 45 mm inauzwa madukani. Gurudumu la kuvuta la futi 4 na inchi 6 linakuwa 61 mm. Mwendo wa pistoni wa inchi 28 unakuwa 31.6 mm, yaani pini ya kombo, ile inayoshika fito za gurudumu, ikae 15.8 mm kutoka katikati ya ekseli. Boila lenye kipenyo cha futi 7 na inchi 6 linaangukia inchi 4 kamili, ambacho ni kipimo cha bomba la kawaida. Tahadhari tu: juu ya boila halisi kuna ganda la bati, kwa hiyo ukinunua bomba la inchi 4 na kulivisha bati la 0.5 mm unapata unene wa kuaminika, lakini vishikio vyote vinavyoagizwa lazima vifuate kipimo cha nje, si cha bomba. Urefu wote ni kama mita 1.41, basi pima meza kwanza.

Michoro ya Beyer Peacock imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda la Manchester, na iko kwa futi na inchi. Usimpelekee fundi mchoro huo ulivyo. Geuza kila kipimo kuwa milimita za modeli, andika juu ya karatasi "vipimo vya kitu kilichokamilika", na mpe faili la STEP badala ya STL (zote ni aina za mafaili ya michoro ya 3D) kwa kila kitakachokerezwa, maana STL ni pembetatu tupu. Haina duara la kweli la kutobolea. Kwa mabomba na vitu vidogo ambavyo michoro haivionyeshi vizuri, namba 5918 Mount Gelai iko makumbusho ya reli Nairobi, inapimika kwa futi kamba.

Magurudumu ndiyo yaliyonifurahisha. Ni 16 ya kuvuta, kitovu na spoku vya shaba ya njano iliyosubiwa, tairi la chuma limevishwa kwa joto. Tundu la tairi nililitaka liwe dogo kuliko kitovu kwa 0.05 mm, likipashwa moto hadi nyuzi 200 hivi linateleza lenyewe, likipoa halitoki. Nafasi ya ndani kati ya gurudumu na mwenzake ni 40 mm, na flenji (ukingo unaozuia gurudumu lisitoke relini) niliomba nyembamba na fupi, kwa sababu flenji nene za treni za kuchezea zinagusana pale magurudumu ya kuvuta yalivyokaribiana. Kuhusu pembe ya pini za kulia na kushoto, watu huhangaikia nyuzi 90 kamili. Fito za kuunganishia magurudumu hazikwami kwa sababu hiyo. Zinakwama pale ekseli moja ikiwa na 90 na jirani yake 88. Zote zikiwa na 89 mashine inatembea bila shida, kwa hiyo dai zibanwe zote kwenye kifaa kimoja cha kushikilia. Taja pia ekseli ipi inapokea konrodi (ufito unaotoka kwenye pistoni), kwa kuwa kizani chake, yaani uzito wa kusawazisha, ni kikubwa zaidi. Usipotaja utaletewa magurudumu yote sawa.

Fito na konrodi zisubiwe? Hapana, na wasubuji wangu walibishana nami sana hapa. Shaba ya njano iliyosubiwa kutoka resini (plastiki ya printa ya 3D) iliyochapwa moja kwa moja husinyaa kama asilimia 1.5 hadi 2. Karakana ikipitia kalibu ya mpira na nta, jumla inaweza kufika asilimia 5. Kwenye dohani hakuna atakayejua. Kwenye ufito wa 100 mm, asilimia 2 ni milimita mbili, na pini haziingii. Fito zichongwe kwa mashine kutoka bapa la chuma, matundu yatobolewe kwa kufuata vipimo vilevile vilivyotoboa fremu.

Kilichobaki kwa wasubuji ni kofia za boila, pampu ya hewa ya breki, vali, taa na dohani. Dohani iulizie mapema: mashine nyingi za EAR zilibadilishiwa ya mviringo zikafungiwa ile ndefu bapa ya Giesl, kwa hiyo chagua mwaka wa modeli yako kabla ya kuchora. Ukuta usipungue 0.6 mm, la sivyo shaba haijazi na unapata matobo. Ribiti ziwe na kipenyo cha 0.5 mm na kimo cha 0.2 mm, chini ya hapo msasa unazifuta. Omba mguu wa kumiminia, pale shaba inapoingilia kalibu, uwekwe upande usioonekana. Wangu waliuweka mbele ya pampu, na kuukata kumeharibu mapezi ya kupoozea. Kwa hilo nawapunguzia alama.

Garratt ina faida moja wanayoisahau wengi. Injini mbili zinaangalia pande tofauti, hivyo mtambo wa vali wa kulia mbele, kwa sehemu kubwa, ndio wa kushoto nyuma. Unahitaji seti nne, lakini michoro ni miwili tu, mmoja na pacha wake wa kioo. Fundi aliyetaka kunitoza michoro minne alikubali mara moja nilipomwonyesha.

Resini ni nzuri kwa matangi, kibanda cha dereva na vishikio. Tabaka la 0.05 mm linatosha, ila nyuso pana zichapwe kwa kuinamishwa, zisilazwe, kwani zikilala zinajikunja zikikauka. Kama modeli yako inatumia mvuke wa kweli, resini ikae mbali na boila, inalainika. Na vifungo vinavyoingia ukutani mwa boila viwe vya bronzi, si shaba ya njano: maji ya moto huiondoa zinki polepole, kinabaki kitu chenye vinyweleo kinachovunjika. Fundi aliyeniuliza "kuna tofauti gani?" sikumpa kazi hiyo.

Vibao vya majina vilichongwa kwa asidi kwenye bati la 0.5 mm, safi kabisa. Asidi hula pia pembeni, kwa hiyo mistari ya herufi inenepeshwe kidogo kwenye faili. Jaza karatasi nzima ya bati kwa vibao vya majina mengine na ngazi za kibanda, maana bei ni ya karatasi, haijali umeweka vitu vingapi.

Bei ya usubuji iko kwenye kielelezo cha kwanza (kile kinachotolewa kalibu) na kalibu yenyewe. Nakala zinazofuata ni rahisi. Ndiyo maana kabla ya kutoa arbuni uliza kielelezo na kalibu ni mali ya nani, na vitatunzwa kwa muda gani. Mimi niliambiwa ni vyangu, lakini vinabaki kwa wasubuji, na nakala ya ziada inatozwa kana kwamba kazi inaanza upya. Ukiagiza kwao, chukua seti ya akiba ya vali na taa siku ileile ya kwanza. Mzigo ukitoka nje kuja Kenya, kumbuka VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya thamani pamoja na usafiri na ushuru, kwa hiyo vipuri vizito kama magurudumu vije mzigo mmoja, na risiti iandikwe kila kipande.