Wifi haifiki chumbani? Nini cha kununua kwanza, na nini cha kuacha dukani

Shangazi yangu wa Tabata aliniita nikamwangalizie intaneti. Analipia fiba kila mwezi, sebuleni mambo yanakimbia, lakini chumbani kwake simu inaonyesha mistari yote imejaa huku video ikizungusha kiduara. "Mwanangu, hawa watu wananiibia," alisema kabla sijamaliza shikamoo.

Hakuna aliyemwibia. Fundi alitoboa ukuta pale waya ulipofikia kutoka kwenye nguzo, akaiweka ruta sakafuni nyuma ya televisheni, akaenda zake. Kutoka pale hadi kitandani kwa shangazi kuna kuta tatu za tofali za saruji, friji, na kabati lenye kioo mlango mzima. Ishara ya ruta ile niliipima kwa programu ya simu: sebuleni -41, chumbani -82. Namba hizo husomwa hivi: ikikaribia sifuri, ishara ni kali, ikishuka chini ya -70 hivi, tegemea kukwamakwama. Ile mistari iliyojaa ilikuwa na siri yake, nitaifikia.

Kabla hujaenda Kariakoo, fanya mambo mawili ya bure. Kwanza, pima spidi ukiwa mita moja kutoka kwenye ruta. Kama hata hapo ni ndogo kuliko unayolipia, tatizo liko kwa mtoa huduma au kwenye kifurushi, na hakuna kifaa cha dukani kitakachokusaidia. Pili, inyanyue ruta kutoka chini. Iweke juu ya kabati, katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu, mbali na friji, vioo vikubwa na maikrowevu (maikrowevu hutumia masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya wifi). Antena zikisimama wima, mawimbi huenda zaidi pembeni kuliko juu na chini, kwa hiyo mwenye nyumba ya ghorofa alaze moja. Tena, masafa mengine ya wifi, 5 GHz, yana kasi lakini yanachoka upesi ukutani. Chumba cha mbali kiunganishe kwenye 2.4.

Baada ya hapo kama bado, fungua pochi kwa mpangilio huu.

1. Waya mrefu wa netiweki

Hauna mvuto, hauna taa, na ndio ninaoupa nafasi ya kwanza bila kusita. Kama kisanduku cha fiba na ruta yako ni vitu viwili tofauti, unachohitaji ni waya wa kutoka kisanduku hadi katikati ya nyumba, kisha ruta inahamia huko. Usiguse ule uzi mwembamba wa fiba wenyewe: ndani ni kioo, ukiukunja sana unakufa, na kuuhamisha ni kazi ya waliokufungia.

Chukua waya wa daraja la Cat5e au Cat6. Kwa nyumba ya kawaida hutaona tofauti. Cat5e inabeba gigabiti moja hadi mita 100, na hakuna nyumba Tabata yenye korido ya mita 100. Kinachofaa kukuumiza kichwa ni shaba. Madukani waya hukatwa kwa mita kutoka kwenye boksi la mita 305, na kuna boksi za bei nzuri ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Angalia maandishi ya ganda: ukiona CCA, ni hiyo. Kama hayapo, omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Alumini hukatika ukiikunja mara chache, na inakatika ukiwa umeshapitisha darini.

Jambo jingine ni vichwa, vile vya plastiki vya kuchomeka kwenye ncha za waya. Simama karibu na fundi anapobana. Nyaya ndogo nane zote ziingie: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wapo wanaounganisha nne tu, na intaneti inafanya kazi kweli, ila hutazidi megabiti 100 na hutajua kwa nini.

2. Ruta ya pili, hata ya zamani

Hii ni kwa wale ambao fiba na wifi vimo kwenye boksi moja lisilohamishika, au nyumba ni ndefu. Waya ule ule unatoka kwenye ruta kuu hadi ruta ya pili iliyoko upande wa vyumba. Ukiwa na ruta iliyolala kwenye droo tangu ulipohama mtoa huduma, huenda hununui kitu zaidi ya waya.

Ukinunua mpya, tafuta yenye kitufe au menyu ya kuigeuza akses pointi, yaani isambaze wifi tu na kuiachia ruta kuu kazi nyingine. Ukitumia ya zamani isiyo na menyu hiyo, zima DHCP (kazi ya kugawia vifaa anwani), ipe anwani tofauti (kama kuu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2), na uchomeke waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo WAN (la kupokelea intaneti). Jina na nywila viwe sawa na vya ruta kuu ili simu ijihamie yenyewe. Kwenye 2.4 GHz, moja iwe chaneli ya 1, nyingine ya 6 au 11, zisipigiane kelele.

Usidanganywe na idadi ya antena. Nguvu ya kurusha ina kikomo cha kanuni za masafa. Ruta yenye mikono minane kama pweza haitoboi zege kwa sababu ya wingi wa mikono.

3. Meshi

Ni visanduku viwili au vitatu vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe na kutoa wifi moja nyumba nzima. Ni kizuri, ni rahisi kufunga, na ndicho ghali kuliko vyote hapa. Nakipendekeza kwa nyumba ya ghorofa, au ya kupanga ambayo mwenyewe hataki kusikia habari za drili. Nyumba ya chini ya vyumba vitatu au vinne, viwili vinatosha. Usinunue vitatu kwa sababu boksi linapendeza.

Hakikisha kila kisanduku kina tundu la waya, ili siku ukiweza kuviunganisha kwa waya uvitoe kwenye kupigiana kelele hewani. Na kisanduku cha pili kikae nusu ya njia, mahali ambapo ishara bado ni nzuri. Kukiweka kwenye chumba kilichokufa ni kumtuma mtu kisimani na ndoo isiyo na kitako.

4. Adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme

Huuzwa jozi. Hufanya kazi kama nyaya za nyumba ni nzima na soketi zote mbili ziko kwenye mita moja. Zichomeke ukutani moja kwa moja, siyo kwenye ekstensheni. Nunua pale tu ambapo unaweza kurudisha.

5. Ekstenda

Hii ndiyo muuzaji atakayokupa ukisema "wifi haifiki." Ni kifaa cha kuchomeka ukutani kinachopokea wifi na kuirudia. Ni ndogo, ni rahisi kubeba, na nyingi za bei ya chini hupokea na kurudisha kwa redio ile ile, kwa hiyo spidi inapungua kama nusu hapo hapo. Kwa meseji na simu za WhatsApp inatosha. Kwa televisheni ya chumbani, hapana. Ukilazimika, chukua ya masafa mawili (2.4 na 5 GHz).

Shangazi alikuwa nayo tayari. Niliikuta nyuma ya lile kabati la kioo, imechomekwa chumbani kwake kabisa, taa zote kijani. Simu ilikuwa inaiona kwa karibu, ndiyo maana mistari ilijaa. Yenyewe ilikuwa inapokea ile -82 na kuirudia kwa sauti kubwa. Tulivuta waya wa mita 18 darini, ruta ikahamia juu ya kabati la koridoni, chumbani kukawa -58. Ekstenda tumeipeleka kwenye dirisha la jikoni, inamhudumia mpangaji wa uani.