Kambi ya Agosti: marufuku ya kugusana au mipaka iliyotajwa?

Anayeandaa kambi ya kulala ya vijana wa miaka 14 hadi 17, iwe Kisumu au Nakuru, huchagua kati ya kanuni mbili za kugusana kwa wavulana na wasichana: kupiga marufuku kabisa, au kutaja mipaka.

"Hakuna kugusana" ni maneno mawili tu, na mzazi huyaelewa papo hapo. Shida huanza siku ileile: msichana anamkumbatia binamu yake getini, wachezaji wanarukiana baada ya bao. Mlezi mmoja anapiga filimbi, mwingine anageuza uso. Kufikia siku ya tatu vijana wanajua nani mkali. Wanaopendana huhamia nyuma ya matangi ya maji, pasipo na mtu mzima, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mipaka iliyotajwa huruhusu salamu ya mkono na kumbatio fupi hadharani. Kubusiana, kupakatana, kujifunika leso moja kwenye moto wa jioni: hapana. Bweni la wenzao haliingiwi saa yoyote. Kanuni hii hudai kazi zaidi, kwani walezi lazima wakubaliane hatua kabla vijana hawajafika: onyo faraghani, kikao na mratibu, kisha simu kwa mzazi. Msikemee mbele ya wenzao. Kijana aliyeaibishwa hatakuja kusema siku atakaposhikwa kwa nguvu.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006 haitambui ridhaa ya mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mipaka isilegezwe. Sisi tunaipendelea hii ya pili, ila penye walezi wachache mno, marufuku ni afadhali.