Tairi la mbele la bodaboda kwa barabara za Mwanza: lipi ununue, na jinsi ya kunyoosha magurudumu

Kazi ya tairi la mbele huonekana pikipiki inaposhuka Isamilo na abiria, mvua imekatika muda si mrefu, mchanga umesombwa hadi kwenye lami na jiwe limetoa kichwa kwenye kona. Ukishika breki, uzito unakuja mbele. La nyuma likiteleza unaweza kulidaka. La mbele likiteleza, hesabu umelala. Ajabu ni kwamba la nyuma hubadilishwa mapema, la mbele husubiri mpaka liwe kipara.

Kwanza saizi. Boxer nyingi mbele zina 2.75-17 na nyuma 3.00-17. Pikipiki nyingi za Kichina za CC 125 na 150 mbele ni 2.75-18. Usikisie, soma ubavuni mwa tairi lililopo. Namba ya 17 au 18 ni ya rimu, haina mjadala. Baada ya saizi utakuta kitu kama 41P: 41 maana yake tairi hilo linabeba kilo 145. Kisha tafuta DOT na tarakimu nne za mwisho: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mitano, likipigwa na jua la kibarazani, hukakamaa hata kama kashata zake, yaani vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, ni nzima. Likunje kwa mkono. Likionyesha nyufa nyembamba katikati ya kashata, lirudishe.

Huu ndio mpangilio wetu, kuanzia linalowafaa wengi.

1. Tairi la mistari. Lina mifereji inayozunguka tairi lote katikati, na kashata ndogo pembeni. Mistari hiyo ndiyo inayoshika njia: gurudumu linafuata usukani, halitangitangi kwenye lami iliyochimbika, na maji hupata pa kupita. Kwa anayezunguka Kirumba, Nyegezi, Igoma na Buhongwa, akipanda mlimani mara mojamoja, hili ndilo. Udhaifu wake ni matope: mistari ikijaa, tairi linakuwa kama sabuni.

2. Tairi la kashata za kati. Kashata zimetengana kiasi na zimeingia hadi mabegani. Hili ni la anayelala Bugarika au Mabatini ambako njia ni mawe matupu, au anayekwenda Kisesa na kuendelea kwenye changarawe kila siku. Kwenye lami linaunguruma kidogo na huisha mapema kuliko la mistari. Kama nusu ya safari zako si lami, liweke hili namba moja.

3. Kashata kubwa. Ni la udongo wa mbuga tu, ule mweusi wa Misungwi na Magu unaonata kama ugali mbichi. Kwenye lami yenye maji ni hatari, kwa sababu kinachogusa barabara ni vinundu vichache, navyo hupinda unaposhika breki. Tena angalia madigadi: kama nafasi kati yake na tairi haifiki upana wa vidole viwili, matope ya mbuga yatajaa humo na gurudumu litagoma kuzunguka.

4. Tairi la nyuma kufungwa mbele, kwa mfano 3.00-17. Wapo wanaoamini upana ni usalama. Usukani unakuwa mzito, tairi linakaa vibaya kwenye rimu nyembamba, na mishale ya mzunguko ya tairi la nyuma imepangwa kwa kusukuma, siyo kwa breki. Hatulipendekezi.

5. Tairi lililochongwa kashata upya au la mtumba. Mbele, hapana. Linalobaki chini ya mfereji uliochongwa ni nyuzi.

Tyubu nunua mpya siku hiyohiyo, ya saizi ileile. Ya zamani imeshatanuka. Ikiingia kwenye tairi jipya hujikunja, na mkunjo ndio unaozaa pancha isiyo na msumari. Pakaa poda ndani. Mshale ulio ubavuni uelekee mbele. Jaza upepo, kisha tazama ule mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na rimu: umbali wake na ukingo wa rimu lazima ulingane pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, pakaa maji ya sabuni, jaza tena. Fundi wengi huruka hapa, halafu mteja anarudi akisema rimu imepinda. Nati ya vavu usiikaze hadi kwenye rimu. Iache juu, karibu na kifuniko. Tyubu ikianza kuteleza ndani utaona vavu imelala, nawe utajua kabla haijakatika.

Upepo (kwa PSI): mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Kama pikipiki yako ina kibandiko chenye namba tofauti, fuata kibandiko. Pima asubuhi tairi likiwa baridi.

Sasa kunyoosha, maana tairi zuri kwenye magurudumu yasiyofuatana ni hela iliyotupwa. Alama zilizo kwenye vikaza cheni usiziamini sana. Tumia uzi.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute mbele pande zote mbili, juu kadiri unavyoweza bila kugusa stendi, mpaka uguse kingo zote mbili za tairi la nyuma, ile ya nyuma na ile ya mbele. Peleka ncha zipite tairi la mbele, uzifunge kwenye mawe mawili. Geuza usukani taratibu mpaka tairi la mbele liwe sambamba na nyuzi. Kwa kuwa la nyuma ni inchi 3.00 na la mbele 2.75, inatakiwa ibaki nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Kubwa ni usawa, siyo namba yenyewe.

Nafasi ikiwa kubwa kushoto, gurudumu la nyuma linatazama kushoto. Legeza nati ya ekseli, vuta ekseli nyuma kwa upande wa kulia, robo mzunguko wa kikaza kwa wakati mmoja, upime tena. Ukimaliza, cheni icheze milimita 25 hadi 30 katikati ya mstari wa chini.

Magurudumu yakishanyooka lakini usukani unatazama pembeni, shokapu za mbele zimejipinda kwenye vishikio, ugonjwa wa pikipiki iliyoanguka. Legeza ekseli ya mbele, boliti za madigadi na boliti za kishikio cha chini. Nati za juu ziache, la sivyo shokapu zitapanda. Bana gurudumu kwa magoti, nyoosha usukani. Kaza kishikio, bonyeza shokapu mara tatu nne zijipange, ndipo ukaze ekseli na madigadi.

Ukiwa hapo, inua mbele na ugeuze usukani kwa kidole kimoja. Usukani ukinasa katikati kama umeingia kwenye shimo dogo, bakuli za goroli za usukani zimechimbika. Hazikazwi, hubadilishwa, na hakuna tairi litakaloponya hilo. Zungusha pia gurudumu ukiwa umeegemeza kijiti kwenye shokapu: rimu ikiyumba zaidi ya milimita 2, anza na spoku. Zigonge moja moja kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti butu.

Kuna malalamiko mamoja yasiyo ya tairi kabisa: usukani kuwa mwepesi na kutetema ukitoka Mwaloni na magunia ya dagaa. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma unainua mbele. Sogeza gunia zito karibu na kiti kabla ya kumlaumu muuza tairi.

Kilomita 100 za mwanzo nenda taratibu kwenye kona, maana tairi jipya bado lina utelezi wa kiwandani. Zikipita, kaza tena spoku na upime cheni. Baadaye, laza kijiti cha kiberiti ndani ya mfereji wa katikati: kikichungulia juu ya kashata, zimebaki milimita 2 tu, tafuta lingine.