TAHADHARI: kilbiteri (vile vyuma vya ndani ya moteri vinavyosukuma supapu) "za Amerika" pale komini Kenya, hapa Lubumbashi, musinunue!

Bandugu, naandika mkono unatetemeka. Dola 320 zimeenda. Na mimi si mtoto wa jana, nimeshika volani kabla sijaota ndevu.

Ile Chevrolet yangu munaijua, na yule aliyenishauri niiuze, leo asinitumie ujumbe. Moteri ilikuwa inapiga tak-tak-tak upande mmoja. Nikaambiwa kuna jamaa Kenya anauza kilbiteri za rola, ambazo wengine wanaziita roka: mdomoni kuna kigurudumu kinachobiringika juu ya supapu, hakisugui kama zile za kawaida. Nikaenda Jumamosi na mama watoto.

Akatupatia viti, akatuma maji baridi. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa cha flaneli, akakifungua polepole kama mtu anayefungua dhahabu. Ndani mlikuwa na kilbiteri moja ya aluminiamu, ya bluu. Akaiingiza kidoleni, akaisukuma kidogo. Ikazunguka, ikazunguka, haitaki kusimama. "Sikia papa, hakuna sauti. Sindano zote za beringi ziko ndani." Nikaishika: nyepesi, laini, ubavuni imeandikwa 1.6, yaani inazidisha msogeo mara 1.6. Akaniambia ya kiwanda ni 1.5, kwa hiyo hii inafungua supapu zaidi, moteri itapumua. Na hapo alisema kweli! Hiyo moteri yangu ya lita 5.7 ilitoka kiwandani na 1.5. Nikamjaribu: silinda zinawaka kwa mpango gani? Akajibu bila kupepesa macho, 1-8-4-3-6-5-7-2. Niambieni, wewe ungemkataa mtu wa namna hiyo? Faktire aliandika, muhuri alipiga. Mke wangu, ambaye hamwamini hata pasta, alisema huyu ni fundi.

Zilizobaki zilikuwa ndani ya karto, zimefungwa plastiki na kugandishwa. "Usifungue hapa papa, vumbi itaingia kwenye beringi. Kijana wangu atakufungia bure." Bure! Nikacheka kwa furaha, mjinga mimi. "Muende mukakule kwanza, hapa jua ni kali." Tukaenda. Nikala bukari na lengalenga, nikaongeza na kipande cha kuku, wakati huko naibiwa. Niliporudi mfuniko wa moteri ulikuwa umeshafungwa, kijana ananawa mikono. Nikamwachia hata pesa ya sukari.

Siku ya pili tulikuwa tunaenda kwenye kilio njia ya Kipushi. Safari yote ni kilomita 30 hivi. Hatukufika hata nusu. Moteri ikaanza kupiga chafya kwenye kabireta, ikatetemeka, nguvu ikaisha, halafu ndani ikalia kama sahani inavunjika. Wakwe zangu, na suti zao za kilio, wakashuka kusukuma. Baba mkwe hakusema neno. Angesema ingekuwa afadhali.

Muzee fundi wangu wa komini Katuba alipofungua mfuniko alinyamaza kwanza, kisha akaniita nione mwenyewe. Kilbiteri 16, zote chuma cha bei ya chini kilichopakwa rangi ya bluu. Kigurudumu cha mdomoni hakizunguki, kimegandishwa. Katikati, mahali pa sindano, ni tundu tupu limetiwa grisi. Moja imekatika vipande viwili. Tije, zile fimbo zinazosukuma kilbiteri, za silinda tatu zimesugua ukingo wa tundu zinapopita kwenye kichwa cha moteri mpaka zimeng'aa, kwa sababu 1.6 inaisogeza tije upande na kijana hakuangalia kama ina nafasi. Mafuta yanametameta unga wa chuma.

Na ufungaji wenyewe! Muzee alinionyesha inavyofanywa. Supapu ya kutoa moshi ikianza kufunguka, ndipo unarekebisha ya kuingiza hewa, kwa sababu wakati huo tapeti yake, kile kikombe kinachobeba tije, imekaa chini. Unashika tije kwa vidole viwili, unaipandisha na kuishusha, huku unakaza ekuru (nati) kidogo kidogo mpaka mchezo, yaani ulegevu, uishe. Hapo unaongeza nusu mzunguko, basi, tapeti inabonyezwa kidogo, kisha unabana kwa skuru ndogo ya katikati. Ya kutoa moshi unairekebisha ile ya kuingiza ikikaribia kufunga. Yule kijana alikaza zote mara moja, kama anafunga gurudumu la Fuso. Supapu zikabaki wazi, moto wote ukapita humo. Mbili zimeungua.

Nilirudi Kenya. Kibanda kimefungwa, namba haipatikani. Jirani anasema mimi ni wa nne kuja. Wa nne! Na hakuna aliyesema kitu! Huyu mtu afungwe gereza la Kasapa, akae huko mpaka arudishe dola ya mwisho, na kijana wake naye. Mwenye kujua anapolala aniandikie pembeni, polisi nimeshawaambia.

Ah, na dalili za kilbiteri za uongo, maana mutaniuliza. Sumaku: aluminiamu haishikwi na sumaku, zangu zilinasa zote. Mfuniko wa zamani uliingia bila kugusa chochote, wakati za rola za kweli mara nyingi zinataka mfuniko mrefu au gasketi nene. Karto haikuwa na namba yoyote. Tena fungueni zote 16 mezani kabla ya kulipa, akikataa ondokeni.

Ile nzuri ya mfukoni muzee aliitafuta kwenye moteri hakuiona. Yule mwizi bado anayo.

Gari litakaa Katuba mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mambo ya lifti, bandugu, hapana.